Maelezo ya programu: mgeni umshike mkono hadi wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi ni vijana wanne hapa Morogoro. Tumetengeneza maktaba ndogo ya Python (msimbo uliokwisha kuandikwa ambao mtengeneza programu huutumia ndani ya programu yake) inayomsaidia mwenye duka la mtandaoni kuomba malipo kwa simu na kupata taarifa muamala ukikamilika. Mimi nimepewa kazi ya kuandika maelezo yake. Kaka yetu mkubwa kazini anasema maelezo haya ni ya watengeneza programu, asiyejua terminali, kile kidirisha cha kuandikia amri, arudi akajifunze kwanza. Lakini kila wiki napokea ujumbe wa wanafunzi wa chuo na wenye maduka waliokwama hata kabla ya kufika kwenye kazi yenyewe. Niandike kwa kiwango cha nani? Na niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na kaka yenu, kwa sababu nusu ya anachosema ni kweli. Maelezo ya maktaba ya malipo hayawezi kugeuzwa shule ya Python. Mkianza kumfundisha msomaji faili inahifadhiwaje na kitanzi kinazungukaje, mtaandika kitabu kizima, nacho kitakuwa dhaifu kuliko vile vilivyokwisha kuandikwa na watu ambao kufundisha ndiyo kazi yao. Ninachokikataa ni nusu ya pili, hilo neno la "arudi akajifunze kwanza". Arudi wapi? Ajifunze nini hasa? Na atajuaje kwamba sasa amejua kiasi cha kutosha kurejea kwenu? Mtu akifungiwa mlango bila kuambiwa amepungukiwa nini, haji tena, na ninyi hamtajua kwamba alikuja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Chagueni wenyewe mstari wa kuanzia, popote mnapoona panafaa, mkautangaze juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Halafu, kutoka mstari huo hadi msomaji aone kwa macho yake kitu kimoja kimefanya kazi, msiruke hatua hata moja. Akishavuka hapo, fupisheni mnavyotaka. Watu hudhani kumjali mgeni ni kuandika mengi. Nimeona kurasa ndefu zenye maneno matamu ambazo hazimfikishi mtu popote, na nimeona ukurasa mmoja mkavu uliomvusha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa dakika ishirini. Nilipoulinganisha huo na zile ndefu, tofauti ilikuwa kwenye mashimo yaliyoachwa njiani.

Mashimo hayo huyaachi kwa uvivu. Unajua mtu wa mtaani anavyomwelekeza mgeni: "Shuka kituoni, nyoosha, ukifika pale palipokuwa na mwembe kata kushoto." Mwembe ulikatwa zamani. Anayeelekeza hana nia mbaya. Yeye bado anauona. Nasi tukiandika maelezo ya programu tuliyoishi nayo mwaka mzima tunaona miembe mingi sana ambayo msomaji haioni.

Nikupe yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika mwongozo wa kusakinisha mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa ajili ya ofisi moja ya wilaya. Niliupitia mara tatu, nikaridhika nao, kisha nikaenda kukaa kando ya dada karani aliyepewa kazi ya kuufuata. Hatua ya tatu nilikuwa nimeandika amri ikitanguliwa na alama ya dola, kama ilivyo desturi yetu: `$ pip install`, na kadhalika. Akaandika na dola yenyewe. Kompyuta ikamjibu kwamba haiijui amri hiyo. Mbele kidogo nilikuwa nimeweka `<jina_lako>`, nikimaanisha aondoe alama zile na kuweka jina lake. Aliandika jina lake na alama akaziacha palepale, na kosa jingine likatoka. Hatua ya nane mfumo uliomba nenosiri. Akaanza kuandika, hakuna hata nukta iliyotokea kwenye kioo. Akasimama, akachomoa kibodi, akaichomeka upya, akajaribu tena, akanigeukia akaniomba radhi kwamba ameharibu kompyuta ya ofisi.

Alikuwa ametii kila nilichoandika neno kwa neno, kuliko mtu yeyote aliyewahi kusoma kazi yangu. Mimi nilikwisha kuzoea kwamba terminali haionyeshi nenosiri linapoandikwa, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kuna siku jambo hilo lilinishangaza hata mimi. Kuziba mashimo yale matatu hakukuhitaji sura mpya. Zilitosha sentensi tatu: usiandike alama ya dola, yenyewe inaonyesha tu kwamba hapa ni pa amri, badilisha maneno yaliyo ndani ya mabano ya pembe na uondoe mabano yenyewe, unapoandika nenosiri hutaona chochote, andika mpaka mwisho kisha bonyeza Enter. Ndiyo maana sikubali hoja kwamba kumfikiria anayeanza kunayajaza maelezo uzito. Mara nyingi ni sentensi moja mahali pake.

Kaka yenu huenda akakwambia kwamba magwiji wa zamani hawakumbembeleza mtu. Historia yao inasema vingine. Mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani, una tarehe ya Novemba 3, 1971. Kurasa zake ni kavu kweli: jina la amri, inavyoandikwa, inachofanya, faili inazozigusa, na mwishoni kasoro zake zinazojulikana, zimetajwa bila kufichwa. Nazipenda kurasa za aina hiyo mpaka leo, na muundo wake ndio tunaoukuta tukiandika `man` kwenye Linux. Lakini wasomaji wake wa kwanza walikuwa wafanyakazi wenza. Aliyekwama aliinuka kwenye kiti akaenda kumuuliza mwandishi mwenyewe. Unix ilipoanza kusafiri kwenda kwa watu wasio na mwandishi wa kumwendea, Brian Kernighan, wa maabara zilezile, aliandika karatasi ya wanaoanza iliyoitwa "UNIX for Beginners", ikaingizwa katika juzuu la pili la mwongozo wa toleo la 7, mwaka 1979. Humo anaeleza namna ya kuingia kwenye mfumo, namna ya kufuta herufi uliyoikosea, na ufanye nini ukiona kila herufi unayoandika inatokea mara mbili. Huyu ndiye mtu aliyetuzoesha sote kuanza lugha mpya ya programu kwa kuchapisha `hello, world`. Hakuona kwamba kueleza kifutio ni kujishusha.

Angalia kitu kingine walichofanya: hawakuingiza maelezo ya kifutio ndani ya ukurasa wa kila amri. Kurasa kavu zilibaki kavu, na karatasi ya wanaoanza ikakaa peke yake. Hapo ndipo timu nyingi zinapokosea. Wanabishana kama ninyi, mmoja anawatetea wageni, mwingine wenyeji, kisha wanapatana katikati: kila ukurasa unapewa maelezo ya wastani. Ukurasa wa wastani haumfai mtu. Mgeni bado anakwama, na mzoefu aliyekuja kutafuta jina la kigezo kimoja (parameter) analazimika kupekua aya sita za ukaribisho. Watafiti wa elimu Slava Kalyuga, Paul Ayres, Paul Chandler na John Sweller waliichambua hali hii mwaka 2003: msaada uleule unaomwinua anayeanza unaweza kumrudisha nyuma aliyekwisha kujua, maana akili yake inalazimika kuyapatanisha maelezo asiyoyahitaji na yale aliyokwisha kuyashika. Ukibishana na kaka yenu, mpe haki yake hapo. Anapochukia maelezo marefu, anachukia jambo linalomuumiza kweli. Mpeni ukurasa wa rejea uliokauka kabisa, wenye kila kitendaji (function), vigezo vyake, kinachorudisha na makosa kinayoweza kutoa, basi. Halafu mwachieni mgeni mlango wake.

Daniele Procida, aliyefanya kazi kwa miaka mingi kwenye maelezo ya programu, Django (mfumo wa Python wa kujengea tovuti) ikiwemo, ameugawa uandishi huu katika aina nne: somo la kumfundisha anayeanza, maelekezo ya kufanya kazi fulani, rejea, na ufafanuzi wa kwa nini mambo yako hivyo. Mgawanyo huo anauita Diátaxis. Mimi sishauri timu ya watu wanne ianze na sehemu zote nne. Mtachoka kabla hamjamaliza. Andikeni somo moja, rejea, na ukurasa wa makosa yanayotokea mara kwa mara. Mengine yatakuja kwa kuulizwa.

Somo lenyewe liweje? Tazama la Django. Mfumo huo ulizaliwa kwenye gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, ukatolewa hadharani mwaka 2005, na somo lake linamjengesha msomaji programu ndogo ya kura za maoni. Mwanzoni kabisa linamwambia aandike amri ya kuangalia toleo. Kisha linasema: kama Django imesakinishwa, utaona namba ya toleo; kama haijasakinishwa, utaona kosa linalosema `No module named django`. Aya ile ni ndogo, lakini imebeba kazi yote. Imempa kitu cha kufanya, imemwambia atakachokiona kikikubali, na imemwambia atakachokiona kikikataa. Msomaji hawezi kupotea pale, kwa sababu njia zote mbili zimetajwa.

Sisi huku tuna shule iliyo karibu zaidi ya jambo hili. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, watu ambao hawakuwahi kushika kompyuta walijifunza kutuma fedha kwenye kibanda cha wakala, wamesimama juani. Wakala hakueleza mtandao wa simu unavyofanya kazi. Alichukulia kwamba mteja ana simu na anajua kubonyeza namba. Huo ndio ulikuwa mstari wake wa kuanzia. Kutoka hapo menyu yenyewe iliuliza kitu kimoja kwa wakati mmoja: namba ya anayepokea, kiasi, namba ya siri. Na mwisho ukaja ule ujumbe ambao kila mtu wa Afrika Mashariki anaujua kwa moyo: muamala umethibitishwa, umetuma kiasi hiki kwa fulani, salio lako ni hili. Mama wa sokoni hatoi nyanya zake mpaka ujumbe uingie. Msomaji wa maelezo yako naye anaungoja ujumbe huo baada ya kila hatua. Ukimwambia "sakinisha maktaba" ukaendelea na habari nyingine, umemwacha kama mtu aliyetuma fedha na simu ikanyamaza.

Basi baada ya kila amri mwonyeshe atakachokiona. Kiandike kama kinavyotokea kwenye kioo, kwa herufi zilezile. Usiweke picha ya kioo kama maneno yanatosha, maana picha ni nzito, haikubali kunakiliwa, na toleo likibadilika inazeeka kabla ya kitu kingine chochote kwenye ukurasa. Video siipendi hata zaidi ya picha. Mwanafunzi wako anasoma kwa bando, mara nyingi kwenye simu, huku kompyuta ya kuazima ikiwa pembeni. Mwambie mapema ni megabaiti ngapi atakazopakua. Ukiweza, mpe na nakala ya maelezo ya kupakua mara moja akasomee nyumbani bila intaneti, kama Django wanavyofanya. Hilo ni sehemu ya urafiki kwa mgeni ambayo waandishi wa kule ambako intaneti haikatiki hawaifikirii.

Sasa mgeni mwenyewe ni nani? Hapa naona ninyi wawili mnabishana juu ya mtu mmoja wakati wanaokuandikia ni watu tofauti. Yuko mwanafunzi ambaye programu zenyewe ni ngeni kwake. Yuko mwenye duka ambaye hana nia ya kuwa mtengeneza programu. Huyo, kwa kweli, anahitaji mtu wa kumfanyia, na ni heshima kumwambia hivyo kwenye mstari wa kwanza kuliko kumpotezea siku tatu. Halafu yuko mtu ambaye kaka yenu hamhesabu kabisa: mtaalamu wa miaka kumi aliyejenga mifumo ya benki kwa Java, ambaye leo ndiyo mara yake ya kwanza kugusa malipo ya simu. Terminali anaijua kuliko ninyi, na bado mbele ya maktaba yenu ni mgeni.

Huyu wa tatu ndiye anayenifanya niseme kwamba wino wenu mwingi uende kwenye malipo yenyewe, sio kwenye Python. Hataweza kukisia kwamba namba ya mteja inatakiwa iandikwe `2557XXXXXXXX` ilhali wateja wote huiandika `07XXXXXXXX`. Ataweka `localhost`, yaani kompyuta yake mwenyewe, kama anwani ya kupokelea taarifa, kwa sababu ndivyo alivyozoea akifanya majaribio, kisha atangoja taarifa ambayo haiwezi kufika: seva za kampuni ya simu hazina njia ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mezani kwake, zinahitaji anwani inayofikika kwenye intaneti. Hatajua kwamba taarifa ya muamala mmoja inaweza kuja mara mbili, na kwamba asipoilinganisha namba ya muamala na zile alizokwisha kupokea, duka litapeleka mzigo mara mbili kwa malipo ya mara moja. Mambo haya matatu yanamkamata mwanafunzi na yanamkamata bingwa. Yaandikeni kwa utulivu, kwa mifano, bila kuona haya kwamba mnaeleza vitu vidogo.

Na kwa kuwa hizi ni fedha za watu, onyo linakaa kabla ya hatua, halikai baada yake. Miaka ya 1980, John Carroll na wenzake kwenye kituo cha utafiti cha IBM walikaa na wafanyakazi wa ofisi waliokuwa wakijifunza programu za kuandikia barua, wakaona kwamba watu hawasomi mwongozo kwa mpangilio. Wanaruka, wanajaribu, wanarudi wakikwama. Carroll hakuwalaumu, alifupisha miongozo ili iendane na mtu anayetenda huku anasoma. Mtu wa namna hiyo akikutana na amri, ataiandika kabla ya kumaliza aya. Kwa hiyo neno la kwamba ufunguo wa siri usiwekwe ndani ya msimbo unaopelekwa GitHub liwe juu ya mfano, sio chini. Liwe pia na sababu yake, kwa sababu wengi hudhani wakiifuta faili yameisha: Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, inahifadhi historia, ufunguo unabaki humo, na dawa iliyobaki ni kuubatilisha na kuomba mpya. Mazingira ya majaribio yawe ndiyo chaguo la kwanza katika kila mfano. Asiguse fedha halisi mpaka aamue mwenyewe.

Kuna sehemu moja ya maelezo ambayo kila mtu anaisoma, hata kaka yenu: ujumbe wa kosa. Ukijaribu kuhifadhi kazi kwa Git kwenye kompyuta mpya kabla hujajitambulisha, inakuandikia `Please tell me who you are`, na chini yake inakuwekea amri mbili za kunakili, moja ya barua pepe, moja ya jina. Ni mwongozo wa mistari michache, umekuja dakika ileile uliyouhitaji. Maktaba yenu ikipewa namba inayoanza na sifuri, inajibu nini? Kama inajibu kwamba kigezo si sahihi, basi mwandishi bora duniani hawezi kuwaokoa. Ikijibu kwamba namba inapaswa kuanza na 255, nusu ya barua zako za kila wiki zitakoma. Na afadhali zaidi, kwa nini maktaba isiibadilishe hiyo sifuri yenyewe? Kila unapojikuta unatumia aya tatu kumwonya mgeni juu ya shimo, nenda kwa wenzako uwaulize kama shimo lenyewe haliwezi kufukiwa. Ninyi mna bahati: anayeandika maelezo na wanaoandika msimbo mnakaa chumba kimoja.

Maneno nayo. Ondoa "rahisi", ondoa "bila shaka unajua", na mchunge sana "tu". "Endesha tu amri hii." Aliyekwama kwenye amri hiyo anasoma "tu" akasikia kwamba wenzake wote walipita hapo bila kutoka jasho, yeye ndiye mwenye kasoro. Sentensi haipungukiwi na chochote ukiliondoa.

Kuhusu lugha, andikeni somo na ukurasa wa makosa kwa Kiswahili. Rejea ibaki Kiingereza kwa sasa, kwa kuwa majina ya vitendaji tayari yako kwa Kiingereza na mtu kutoka Lagos au Jakarta anaweza kuwasaidia kuisahihisha. Msomaji wenu wa Morogoro anabeba ugeni mara mbili, wa kazi na wa lugha, na mzigo mmoja mnaweza kumtua leo. Ila ujumbe wa kosa usiutafsiri. Uandike kwa Kiingereza kama utakavyotokea kwenye kioo chake, kisha ueleze kwa Kiswahili chini yake, maana ndiyo maneno atakayoyaona na ndiyo atakayoyatafuta mtandaoni.

Istilahi zisikunyime usingizi. Kazi ya kuufanya Kiswahili kiseme kompyuta haijaanza leo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Katika sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 neno kishikwambi liliingia midomoni mwa watu kwa sababu makarani walikuja nacho mkononi hadi mlangoni. Neno hushika likija pamoja na kitu. Kwa hiyo chukua lile wanalolisema wasomaji wako, "folda" kama wanasema folda, na ukishachagua "nenosiri" usije ukabadilisha kuwa "nywila" ukurasa wa pili na "paswedi" ukurasa wa tatu kwa ajili ya kupamba lugha. Anayeanza atadhani ni vitu vitatu.

Mstari wa kuanzia nao usiuandike kwa sifa. "Uwe na ujuzi wa msingi wa Python" hakumwambii mtu kitu. Mwoga atajiona hatoshi na jasiri atajiona anatosha. Uandike kama jaribio analoweza kulifanya sasa hivi. Mimi ningeufungua ukurasa wenu hivi, na uko huru kuuchukua:

*Ukurasa huu unakutoa kwenye kompyuta yenye Python hadi kwenye ombi lako la kwanza la malipo ya majaribio. Hakuna fedha halisi itakayoguswa. Kabla ya kuanza, fungua terminali, kile kidirisha cha kuandikia amri, uandike `python --version`. Ukiona neno Python likifuatiwa na namba inayoanza na 3, endelea. Kwenye Windows ukiona `Python was not found`, au ukiambiwa amri haijulikani hata ukiandika `python3` badala ya `python`, huenda Python bado haijasakinishwa. Ipakue kwenye python.org kwanza. Kisha tengeneza faili iitwayo `jaribu.py`, ndani yake andika `print("habari")`, uiendeshe kwa `python jaribu.py`. Ukiona neno habari, una kila unachohitaji hapa. Kama hujui faili hiyo itengenezwe wapi au jinsi gani, anza na somo la Python lililoko kwenye tovuti yao, sura za mwanzo zinatosha, kisha urudi, tutakuwa hapa. Kama una duka na huna nia ya kuandika programu, mpe ukurasa huu fundi wako.*

Umeona hakuna aliyebembelezwa wala aliyefukuzwa, na kaka yenu atakuta mstari wake wa terminali umechorwa pale alipoutaka.

Ukimaliza kuandika somo zima, usimpe mwenzako mmoja wa wale watatu alipitie. Wote wanaiona miembe ileile unayoiona wewe. Mtafute mwanafunzi mmoja kati ya wanaokuandikia, umlipie nauli na chakula cha mchana, umpe kompyuta ambayo haijawahi kuguswa na mradi wenu. Kaa nyuma yake na karatasi. Usiseme neno hata akikwama. Ukimsaidia umeufuta ushahidi. Andika saa na mstari wa kila mahali anaposimama, anaporudi juu kusoma tena, anapofungua ukurasa mwingine kutafuta. Rekebisha, kisha mwite mwingine ambaye hajauona. Na siku hiyo ya pili mwombe kaka yenu akae nawe kwenye kiti cha nyuma, kimya, mpaka ujumbe wa muamala wa majaribio utokee kwenye kioo.